Kiolezo cha Baba Mkwe

Jumamosi, 3 Mei

Bendera ya klabu imepandishwa, msimu umefunguliwa. Nyuzi tisa tu za joto, upepo wa kukata masikio, na sisi wote tumesimama gatini tukijifanya ni kiangazi. Preben, mwenyekiti, alihutubia kwa dakika ishirini. Soseji zilipoa.

Kila kitu kinanuka vanishi! Kazi ya baba mkwe hiyo. Holger ana miaka themanini na tatu, na kila masika, wiki moja kabla ya bendera, anapaka vanishi kila kipande cha mbao cha klabu hii: mabenchi, mlango wa banda, fremu za picha, ngazi. Anapaka mara mbili, hajawahi kupaka mara moja. Nilimwambia leo kwamba nikisimama tuli karibu naye atanipaka na mimi. Alicheka mpaka akakohoa.

Shajara mpya hii. Itakaa kwenye mkoba wa vipimo, pamoja na daftari la ukaguzi na kiolezo. Mke wangu Merete haugusi mkoba huo. Sina siri. Ila mtu aliyeoa katika ukoo wa wapenda mashua anahitaji mahali pa kulalamikia.

Jumapili, 11 Mei

Ukaguzi wa masika. Mgongo unaniuma.

Kulikuwa na wanachama wapya wawili, nikaeleza yaleyale kwa mara ya mia. Mashua zetu za Terne, ndogo, za mtu mmoja, lazima zote zifanane. Hiyo ndiyo maana yote ya mashindano yetu: anayeshinda ashinde kwa akili na mikono yake, mashua isimbebe. Kwa hiyo napima. Mlingoti, tanga, usukani, na zaidi ya yote ubao wa katikati, ule unaoshushwa majini ili upepo usiisukume mashua kando. Ukiwa mwembamba unakata maji vizuri mno. Kitabu cha sheria kinasema unene usipungue milimita 20, usizidi 22.

Kisha nikawaonyesha kiolezo. Ubao wa mti wa ashi, una mianya miwili. Ubao wa mashua lazima upite kwenye mwanya mpana na ukatae kupita kwenye ule mwembamba. Basi! Mtoto wa chekechea angeweza kazi hii. Holger alikichonga mwenyewe miaka ishirini na nne iliyopita alipokuwa mpimaji, na kipo kimoja tu kwa bandari zote tatu zenye Terne. Yeye alikaa pembeni kwenye kiti chake, na kila ubao ulipopita alitangaza: “Umepita!” Kama mwamuzi wa ndondi.

Wachache walikwama kidogo, wakaenda kupiga msasa, wakarudi, wakapita. Kawaida. Mbao huvimba wakati wa baridi.

Namba tatu haikupita. Tena. Annelise Krag, mpeleka barua mstaafu, alihamia hapa miaka mitatu iliyopita na mashua aliyoitoa kwenye ghala la mkulima, ilikolala miaka thelathini. Kaka yake Frode ndiye aliyeijenga. Ubao wake haukaribii hata kuingia mwanya mpana.

“Nimeupima mwenyewe,” akasema. “Milimita ishirini na moja na kidogo. Kitabu chako kinasema hadi ishirini na mbili.”

Nikamwambia kipimo chake kibovu. Nikamwambia kiolezo ndicho sheria. Apige msasa tu, kama wenzake.

“Frode aliuchonga kwa mkono wake, Torkild. Siuchubui.”

“Basi hushindani.”

“Mnanizuia kwa sababu ubao wangu mnene unanichelewesha?” Akacheka, lakini macho hayakucheka. “Hiyo ni mpya.”

Watu nyuma yake walianza kugunaguna. Nikaandika kwenye daftari: namba 3, imekataliwa. Mwaka wa tatu mfululizo.

Jumatatu, 12 Mei

Merete anasema nilikuwa mkali. Nikamwambia ukaguzi hauna huruma. Akasema, “Wewe huna huruma, ukaguzi ni kisingizio,” kisha akanibusu kwenye upara na kwenda kukagua tanga lake. Bingwa mtetezi, mke wangu. Mwaka jana alishinda kombe kwa sekunde moja.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui niandike vipi.

Kiolezo kimeniponyoka. Nilikuwa peke yangu bandani, natafuta penseli, kikaanguka sakafuni kwa kona. Hakikuvunjika. Nikashukuru. Kisha nikaona kipande kimebanduka ukingoni mwa mwanya mpana, cheupe chenye umanjano, kigumu kama ukucha.

Nikakiokota. Nikakitazama kwa lenzi yangu ya kazini. Matabaka! Moja juu ya jingine, juu ya jingine, kama kitunguu.

Vanishi.

Anapaka kila kipande cha mbao cha klabu hii. Kila masika. Mara mbili. Na kiolezo ni cha mbao.

Nilikaa juu ya ndoo. Nikachukua kipimo changu cha taya mbili, kile ninachopimia meno ya bandia. Hiyo ndiyo kazi yangu, natengeneza meno, sehemu ya kumi ya milimita ndiyo mkate wangu. Nikapima mwanya mpana.

Milimita 19.6.

Nikapima mara nne. Ule unaopaswa kuwa 22 ni 19.6. Ule unaopaswa kuwa 20 ni 17.6. Na miaka yote hii tunasema mbao huvimba wakati wa baridi! Mbao hazikuvimba. Mwanya ndio uliopungua, kidogokidogo, nasi tukapiga msasa kuufuata. Sikuwahi kukipima kiolezo hata siku moja. Nani anapima kipimo?

Jumapili, 15 Juni

Merete alikwenda kanisani kuimba. Nikaingia bandani, nikautoa ubao wa namba kumi na saba, wake. 18.9. Haramu kwa zaidi ya milimita nzima. Ubao huo nimeupiga msasa kwa mikono yangu mwenyewe, kila Machi, nikijivuna.

Nikapima na wa Preben: 19.2. Na wa daktari mmoja mwanachama: 19. Nikaacha. Sikuhitaji kuendelea. Mashua thelathini na moja katika bandari tatu, na zote zimepita kwenye mwanya uleule.

Mashua moja tu ndiyo halali. Namba tatu.

Naandika haya nimejifungia kwenye gari. Joto humu. Nikifungua dirisha nitasikia jirani akiniita tunywe kahawa.

Jumanne, 24 Juni

Jana moto wa katikati ya kiangazi ufukweni. Nilidhamiria kumwambia Merete. Nilikuwa nimeshapanga hata sentensi ya kwanza. Moto ulipowaka vizuri nikamshika mkono.

“Kuna kitu kuhusu kiolezo,” nikasema.

“Umeshasikia!” Akaruka kwa furaha. “Nani amekuambia? Ilikuwa iwe siri!”

Akanieleza. Kwenye karamu ya mashindano ya Agosti, Holger atafanywa mwanachama wa heshima. Na kiolezo chake kitawekwa ukutani ndani ya kabati la kioo, na bamba lenye jina lake: Holger Munk, aliyetuweka sawa sote.

Aliyetuweka sawa sote!

“Tangu mama afe hajawahi kuwa na kitu cha kungojea,” Merete akasema. “Sasa kila asubuhi anaamka ananyoa ndevu. Umeona? Ananyoa!” Kisha akauliza nilitaka kusema nini.

Nikasema kiolezo kimebanduka kidogo kona. Akasema baba atakipaka vanishi.

Jumatano, 2 Julai

Preben alinisimamisha mbele ya duka la mikate. Kwa kuwa kiolezo kitaingia kwenye kioo, tunahitaji kipya. Cha chuma. Karakana ya mjini itakikata, nami nichore.

“Kopi kamili ya kile cha Holger,” akasema. “Wewe mtu wa meno, utaweza.”

Nikasema nitaweza.

Nimechora. Mchoro uko hapa chini ya kiwiko changu. Vipimo sijaandika. Nikiandika 22 na 20, mashua zote zitaanguka, kombe la Merete litakuwa la wizi, na Holger atajua alichotufanyia kwa brashi yake. Nikiandika 19.6 na 17.6, uongo utakuwa wa chuma. Hautabanduka tena. Na kile cha mbao kitafungiwa kwenye kioo, hakuna atakayekigusa. Safi kabisa! Kimya kama maji mtungini.

Ninachoogopa ni kwamba wazo la pili halikunichukiza vya kutosha.

Alhamisi, 10 Julai

Annelise alikuja kazini kwangu. Nilikuwa nang'arisha meno ya juu ya mchungaji. Alitembea kwa fimbo, sikuwahi kumwona nayo.

“Sikuja kugombana, bwana mpimaji,” akasema. Akaketi bila kukaribishwa. “Nimekuja kukuambia ili usishangae. Nimejiandikisha kwa mashindano.”

“Annelise, mashua yako haina cheti.”

“Najua. Ijumaa ya ukaguzi nitasimama kwenye foleni kama wengine. Utanikataa kama kawaida yako, nitakwenda kukaa gatini na darubini yangu kama kawaida yangu.” Akaifuta fimbo kwa kiganja. “Septemba napasuliwa nyonga. Daktari ameshaniambia, baada ya hapo mashua ndogo basi. Mwaka huu namba tatu inatimiza miaka hamsini. Nilimuahidi Frode hospitalini kwamba itashindana tena, hata mara moja. Mara moja, Torkild. Hata nikiwa wa mwisho. Nitakuwa wa mwisho, sijui kugeuza tanga sawasawa.”

Meno ya mchungaji yalikuwa mkononi mwangu yakinichekea.

“Siombi upendeleo,” akasema. “Naomba unipimie tena. Kwa macho mapya.”

Ningeweza kusema pale pale! Mlango umefungwa, watu wawili tu. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Nikasema, “Tutaona.”

Akaniangalia kwa muda. Mtu aliyepeleka barua miaka thelathini na minane anajua sura ya mtu anayeficha bahasha. Akaaga. Mimi ni mwoga. Nimeliandika hapa ili nisijidanganye.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikwenda bandani na kisu cha kukwangulia. Nikwangue vanishi yote ya kiolezo, nikirudishe, kiwe kama Holger alivyokichonga. Nikakirudisha kisu sandukuni. Holger angetambua mara moja kwamba kiolezo kimekwanguliwa. Anakijua kama mtu anavyomjua mwanawe.

Tena ingesaidia nini? Mashua thelathini na moja zingeanguka vilevile. Kila mlango ninaoufungua una ukuta nyuma yake.

Nimekonda, Merete anasema. Ananilisha samaki wa siki asubuhi na jioni.

Jumatatu, 21 Julai

Mwanamke wa karakana alipiga simu. Mchoro wangu umefika, lakini nimesahau vipimo vya mianya. (Sikusahau. Niliupeleka hivyo hivyo, nikitumaini sijui nini. Kwamba utapotea.)

“Nimekitazama kitabu chenu cha sheria,” akasema. “Ni ishirini na mbili na ishirini, siyo?”

Nikahamisha simu sikio la pili.

“Haloo? Ishirini na mbili na ishirini?”

“Ndiyo,” nikasema.

Sikuwa shujaa. Niliulizwa swali ambalo jibu lake la uongo lilikuwa refu, na mimi nilikuwa nimechoka. Alisema kazi ni nyingi, kiko tayari katikati ya Agosti, baada ya mashindano. Nikashusha pumzi. Basi tutapima kwa cha zamani, Holger atapata bamba lake, na masika ijayo... Masika ijayo ni mbali.

Na Annelise? Annelise atakuwa gatini na darubini.

Nimeandika sentensi hiyo ya juu halafu nikaisoma. Nimejichukia sana.

Jumapili, 3 Agosti

Kahawa kwa Holger. Amenunua koti jipya la bluu kwa karamu. Alilivaa, akageuka mbele yetu, lebo ikining'inia mgongoni. Merete alitokwa na machozi.

Tulipobaki wawili jikoni akaniuliza, “Yule mama wa namba tatu, atakuja tena?”

“Atakuja.”

“Mkaidi.” Akakoroga kahawa. “Lakini nimekuwa nikiwaza. Frode Krag nilimfahamu. Alikuwa seremala mzuri kuliko mimi. Mtu yule hakuwa anakosea milimita mbili. Ajabu, siyo?”

“Ajabu, baba.”

“Labda mbao zake zimevimba zaidi kule ghalani.”

Alikuwa ananitazama. Au aliniangalia tu, kama mzee anavyomwangalia mkwe. Siwezi tena kutofautisha. Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi. Siku ya ukaguzi. Mashua ishirini na sita bandani na nje, tanga zinapigapiga. Holger kwenye kiti chake na koti la bluu, kesho ndiyo karamu lakini hakuweza kungoja. Annelise wa mwisho kwenye foleni. Ubao wake ameufunga kwa blanketi, kama mtoto.

Nimeshaamua. Nitamwita pembeni, nitamwambia ukweli yeye peke yake, nitampa cheti kimyakimya bila kupima. Namba tatu itashindana. Wengine watajua masika ijayo. Hiyo ni nusu ya unyofu. Nusu ndiyo niliyo nayo.

Baadaye, mchana.

Nipo chooni. Choo cha klabu, kile kilichogusana na banda, ukuta wa mbao tu katikati. Mkoba magotini. Nilisema tumbo linanisumbua.

Kiolezo cha chuma kimekuja. Leo! Mwanamke wa karakana alijihimu ili tukitumie kwenye mashindano. Anatutakia kila la heri, kuna hata kadi. Preben akapiga makofi, akatangaza kwamba heshima ya kukizindua ni ya Holger, kwa mashua ya binti yake mwenyewe. Watu wakashangilia. Nilisema tutumie cha zamani leo, kwa kumbukumbu. Hakuna aliyenisikia. Labda nilisema kimoyomoyo.

Holger akasimama. Akaupitisha ubao wa Merete kwenye mwanya mpana. Ulicheza humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. “Umepita!” akatangaza. Kisha mwanya mwembamba. Ubao ukaingia. Ukapita wote, ukatokea upande wa pili.

Watu wakacheka. Chuma kibovu, Preben akasema, hao wa mjini! Akaleta ubao wake mwenyewe kuonyesha. Ukapita wote. Wa daktari pia. Kicheko kikapungua. Merete akanigeukia, uso wake ukiuliza tu, bila kushuku chochote. Hapo ndipo nilipochukua mkoba.

Naandika ninachosikia.

Preben anasema leteni cha zamani, tumalize kazi, foleni ndefu. Kiolezo cha mbao ninacho hapa mimi, mkobani.

Holger anasema ngoja. Anasema, “Yule mama. Lete ubao wako, mama.”

Fimbo. Polepole. Blanketi linafunguliwa.

Sauti ya mbao kwenye chuma, inateleza laini. Huo ni mwanya mpana. Kisha gonga moja, kavu. Gonga tena. Umekataa kuingia ule mwembamba.

Hakuna anayetangaza “umepita”.

Sasa Annelise anasema kitu kwa sauti ya chini, siyasikii maneno. Preben anaanza kusema, “Lakini hii ina maana kwamba...” na hamalizi.

Hatua. Si za Annelise. Hizi nimezisikia miaka ishirini, nazijua. Zinakuja huku. Kivuli chini ya mlango, viatu vyake vya karamu, vyeusi, vimeng'arishwa.

Anabisha kwa kidole kimoja.

“Torkild.”

“Ndiyo, baba.”

“Kiolezo changu unacho humo?”

“Ninacho.”

Anapumua. Nyuma yake sakafu ya banda inalia, wamesogea. Merete yuko hapo, wote wako hapo.

“Kwamba nilikosea, nimekwisha kuona,” anasema. “Hilo ni langu. Nakuuliza lako. Umejua tangu lini?”

Tarehe ipo. Kurasa chache nyuma, kwa mwandiko wangu, kumi na nne Juni.

Mlango huu ameupaka vanishi Aprili, bado unanata kwenye kingo.

Anauliza tena, kwa upole zaidi. Tangu lini, mwanangu.